Barua ya wazi: Siku ya 22 hakuja mtu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, TAMISEMI,
Nakala kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kagera na waganga wakuu wa wilaya zake.

Waheshimiwa, shikamooni kwa walionizidi umri. Kwa walio rika langu na wadogo zangu, habari za majukumu.

Ninawaandikia kutoka Bukoba Vijijini. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, wale mnaotuita WAJA siku hizi. Zamani tuliitwa wahamasishaji, na kabla ya hapo hatukuwa na jina, tulikuwa tu watu wa kutumwa na zahanati. Nyumbani nalima migomba na kahawa kidogo, na pikipiki ninayozungukia vijiji ni ya mwanangu.

Tarehe 21 Machi 2023 Waziri wa Afya wa wakati huo, Mheshimiwa Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua watu katika kata za Maruku na Kanyangereko ni Marburg. Ilikuwa mara ya kwanza nchi yetu kuupata. Hadi unamalizika waliougua walihesabiwa 9, na 6 kati yao wakafariki, akiwamo mtumishi wa afya mwenzetu. Watu 212 waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa walifuatiliwa. Tarehe 2 Juni Serikali na Shirika la Afya Duniani wakatangaza kwamba mlipuko umekwisha. Kwa kazi ile nawapongeza bila kinyongo. Angola mwaka 2005 Marburg iliua zaidi ya watu 200. Kwetu iliishia kata mbili.

Barua yangu inawahusu wale 212, kwa sababu baadhi yao niliwapima mimi.

Nilipewa watu 8, kipimajoto, daftari, kalamu mbili na boksi la barakoa. Maelekezo yalikuwa mafupi: usiingie ndani, usishikane mkono na mtu, mpime, muulize kama ana homa, kama ametapika, kama anaharisha, kama anatokwa damu, andika, ondoka. Siku 21 mfululizo, kwa kuwa virusi vikiingia mwilini dalili hazichelewi zaidi ya hapo. Kipimajoto kilikuwa kile cha kuelekeza kwenye paji la uso, watoto wakakiita "bastola". Asubuhi wakisikia mlio wa pikipiki walikuwa wanakimbilia migombani wakipiga kelele, "Wa bastola kaja!" Siku ya kwanza nilicheka nao. Kufikia siku ya 10 nilikuwa sicheki tena, maana hata watu wazima walikuwa wanasimama njiani kuangalia nakunja kwa nani.

Mmoja katika wale 8 alikuwa mama mtu mzima, mjane. Nitamwita Ma tu, kama tunavyowaita huku. Aliingia kwenye orodha kwa sababu alikwenda kusaidia kwenye nyumba yenye mgonjwa kabla ugonjwa haujajulikana. Alichota maji, akafua shuka, akapika uji. Basi kila asubuhi nikifika nilikuta ametoa kiti cha mbao, amekiweka chini ya mparachichi, na yeye mwenyewe amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Kiti kilikuwa changu. Nilimweleza kwamba siruhusiwi kukaa. Kesho yake kikawepo tena, kimefutwa vumbi. Mwanamke wa Kihaya wa umri ule humwambii amwache mgeni asimame akakuelewa. Nikawa namsogelea, nampima, narudi kusimama nyuma ya kiti, namuuliza maswali yangu manne, naandika.

Siku ya 21 nilimwambia amemaliza, yuko huru. Akamshukuru Mungu kwa sauti. Nikaweka tiki.

Siku ya 23 nilikuwa napita njia ile nikienda kwenye kikao. Kiti kilikuwa nje. Nikapunguza mwendo, na kabla sijasalimia akasema, "Jana hukuja, na leo umechelewa."

Nilidhani amekosea hesabu. Wapi! Nilizima pikipiki, nikakalia kile kiti kwa mara ya kwanza, tukazungumza mpaka kikao kikanipita. Katika siku zile zote mimi ndiye mtu pekee niliyefika kwake. Mtoto wa jirani aliyezoea kuja kuomba chumvi alikatazwa. Kisimani alikuta dumu lake limesukumwa pembeni kwa fimbo. Mnunuzi wa ndizi alimpigia simu kwamba mikungu ataifuata mambo yakitulia, na ikaivia mgombani. Kanisani aliachiwa benchi zima peke yake. Hilo alinisimulia akicheka, halafu akaacha kucheka. Usiku analala vipande vipande, na akishtuka anaweka kiganja kwenye paji la uso. "Najipima," aliniambia. "Wewe si umeondoka na chako."

Lililomla zaidi ni kwamba yule aliyekwenda kumsaidia alizikwa bila yeye. Waheshimiwa, wengi wenu mmekuja Kagera, mnajua sisi tunazika kwenye kibanja, nyumbani, katikati ya migomba. Marehemu hatuendi kumwacha mbali, tunaendelea kupita karibu naye tukienda kukata ndizi. Watu wanalala matanga, wanakula pamoja, wanasimulia habari za marehemu mpaka wafiwa wanachoka kulia. Machi ile walikuja watu waliovaa nguo nyeupe kuanzia kichwani hadi miguuni, wakapuliza dawa, wakazika, wakaondoka. Sipingi hata kidogo. Maiti ya Marburg inaambukiza, na anayeiosha kwa mikono mitupu anaweza kuwa wa pili kuzikwa. Tuliwaelimisha watu hivyo wakakubali, ingawa kwa machungu. Ila virusi vilipokwisha hakuna aliyerudi kuwaambia kwamba sasa wanaruhusiwa kukaa matanga yaliyokatazwa. Katazo lilikuja na gari lenye kipaza sauti, ruhusa haikuja na kitu. Mpaka leo zipo nyumba ambazo tanga halijaanuliwa, na nyumba ya namna hiyo mtu akiingia anajua, hata kama hakuna anayelia.

Nikilipeleka jambo kama hili juu, huambiwa kwamba hiyo ni "afya ya akili", na hapo mazungumzo hufa. Huku kijijini ukisema afya ya akili mtu anasikia Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na Mirembe iko Dodoma, kutwa nzima kwenye basi, na aliyepelekwa huko anarudi na jina lisilomtoka. Ma hakuwa kichaa. Alikuwa na mawazo. Ndivyo watu wanavyosema, "ana mawazo", au "moyo wake mzito". Kwenye makaratasi yenu kuna neno sonona. Ni neno zuri, ila sijawahi kumsikia mgonjwa akilitumia. Mkituma mtu kuuliza nani ana sonona atarudi na karatasi tupu. Akiuliza nani halali usiku, nani ameacha kwenda shambani, nani amekuwa mkali kwa watoto bila sababu, atamaliza kalamu.

Mkoa huu si mgeni wa mambo hayo. Januari 1962 kwenye shule ya wasichana Kashasha wanafunzi watatu walianza kucheka bila kuweza kujizuia, wakafuatia wengine, hadi 95 kati ya 159, na Machi shule ikafungwa. Wasichana walirudi makwao na kicheko kikaenda nao vijijini. Madaktari walipima damu, wakatafuta sumu kwenye chakula, wakatafuta virusi, hawakukuta kitu. Watu husimulia kisa hicho kama kichekesho. Mimi nikiwaza wale watoto sioni cha kuchekesha: nchi ina mwezi mmoja na siku kadhaa tangu uhuru, shule ina sheria kali, na mwili umetafuta mlango wa kutokea.

Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza Tanzania waligunduliwa hapahapa Kagera mwaka 1983, na kabla haujapata jina hilo wazee wetu waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Walizikwa watu mpaka vibanja vikawa na makaburi mengi kuliko vitanda ndani ya nyumba. Mayatima walilelewa na bibi, na mara nyingine na kaka wa miaka 14. Nataka mkumbuke kilichofuata. Nshamba, Muleba, miaka ya 1990 ulianzishwa mradi ulioitwa Humuliza, yaani kwa Kihaya, fariji. Waliwafundisha walimu kuzungumza na mtoto aliyefiwa, na mayatima wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara, wakawa wanatembeleana, wanasaidia mabibi kazi za nyumbani, wanaweka akiba pamoja. Mbinu zile zilisafiri kusini mwa Afrika na kufundishwa katika nchi nyingine. Kwa hiyo mtaalamu akija kutoka mbali kutufundisha maana ya msaada wa kisaikolojia, tutampa kiti na chai, lakini mjue somo lile lilishawahi kuandikwa Muleba. Tulichokosa ni mtu wa kulitoa kabatini Machi 2023.

Kijana mmoja katika wale 8, siku ya 14, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba bora angekufa yeye. Nilitazama fomu yangu. Ilikuwa na kisanduku cha homa, cha kutapika, cha kuharisha, cha damu. Cha hilo hakikuwepo. Kumpeleka kwa nani, sikujua. Na kulisema wazi kungeweza kumponza, kwa maana kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na familia zinakijua hata kama hazijui namba yake, ndiyo maana zinaficha. (Kenya Mahakama Kuu ilikiona kifungu chao cha namna hiyo kuwa kinyume na katiba, Januari 2025. Wenzetu wa Wizara ya Katiba na Sheria nao walione hilo.) Nilichofanya ni kuvunja maelekezo: nilikaa kwenye jiwe, umbali wa kutosha, nikamwacha aongee. Kesho yake nikafanya hivyo tena. Niliwaomba kaka zake wasimwache peke yake usiku. Leo yuko Mwanza, anaendesha bodaboda, na hunitumia salamu. Lakini ile ilikuwa bahati, na mimi sikuwa nimefundishwa hata kidogo. Ningeweza kusema neno baya.

Januari 2025 ugonjwa ulirudi, safari hii Biharamulo. Katikati ya mwezi Wizara ilisema sampuli zilizopimwa hazikuwa na Marburg. Tarehe 20 Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa Dodoma pamoja na Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus wa Shirika la Afya Duniani, alitangaza kwamba upo. Ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Wagonjwa 10, wawili wamethibitishwa na wanane wakidhaniwa, na wote 10 walifariki. Waliofuatiliwa walikuwa 281. Sina ujuzi wa maabara na sitahukumu kipimo cha mtu. Najua tu kinachotokea kijijini katika siku ambazo watu wanakufa na redio inasema hakuna kitu: hapo ndipo mtu anatafutwa wa kumlaumu. Jina la mchawi hupatikana haraka kuliko majibu ya sampuli, na majibu yakishafika jina lile halirudi lilikotoka. Kama hamjui bado, semeni "bado hatujajua". Tunalistahimili neno hilo vizuri kuliko mnavyodhani.

Mwenzangu wa upande ule nilimpigia simu mwezi wa 5. Nilimuuliza kama kuna aliyerudi kwa watu wake baada ya siku 21. Akanijibu, "Kufanya nini, na vifaa vimesharudishwa?"

Basi ninachoomba ni hiki. Mtu aliyempima mwenzake siku 21 arudi siku ya 22. Arudi bila kipimajoto, akae, anywe maji ya nyumba ile, watu wapitao njiani wamwone akinywa. Hilo la kuonekana lina nguvu kuliko mabango yote mliyobandika. Dumu la Ma lingerudishwa kwenye foleni siku hiyohiyo kama mtu wa zahanati angekula ndizi yake hadharani. Arudi tena baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, na siku ya kumbukumbu ya mwaka, ambayo ni mbaya sana kwa waliofiwa na hakuna kalenda ya Serikali inayoijua. Lita moja ya petroli inanifikisha kwa watu watatu na kunirudisha nyumbani. Pigeni hesabu wenyewe kwa watu 212, kisha muilinganishe na gharama ya warsha moja ya siku mbili mjini. Posho ya siku zile 21 sitaizungumzia hapa, ina barua yake.

Lakini huyo mtu afundishwe. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwapata na kuwafundisha wahudumu wa ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Ndani ya masomo yao wekeni kusikiliza. Maana yangu ni somo lenye mazoezi na mtihani, lisiishie kuwa ukurasa mmoja nyuma ya kitabu: namna ya kukaa na mtu aliyefiwa, namna ya kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua bila kumtia wazo, dalili zipi zinataka apelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa na nani anampokea akifika. Zimbabwe daktari wa akili aitwaye Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na wenye mawazo mengi, na ilipopimwa kwa utafiti, waliozungumza na mabibi walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wao ugonjwa huo wanauita kwa Kishona kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Walianza na neno la watu. Sisi mabibi tunao, na mabenchi yapo nje ya kila zahanati, yamekaliwa na watu wanaosubiri panado.

Suala la afisa ustawi wa jamii linawahusu ninyi watatu kwa pamoja, na ndiyo sababu nimewaandika wote juu ya barua moja. Tangu wizara zilipogawanywa mwaka 2022, ustawi uko wizara moja, ugonjwa uko nyingine, na mwajiri wa afisa ni halmashauri. Mlipuko ukitokea kila mmoja anasubiri barua ya mwenzake. Kata yetu haina afisa wa ustawi. Wa wilaya namheshimu, ana mashauri ya ndoa, matunzo ya watoto na wazee wasio na ndugu, na gari analoazima. Mpango wa dharura ukiandikwa, jina lake liwemo tangu ukurasa wa kwanza na fungu lake la fedha liwemo pamoja na la dawa za kupulizia. Likiongezwa mwishoni halitatoka.

Na nyumba zilizofiwa. Siku mlipuko unapotangazwa kwisha, Mkuu wa Wilaya, shehe, padri na mchungaji waende pale, waketi chini na wafiwa, tanga lianuliwe. Mtoeni yule mwenye kipaza sauti aliyekataza, apite tena njia zilezile atangaze kwamba sasa ruksa kulia pamoja. Aliyechomewa godoro apewe godoro. Najua fidia ina taratibu zake ndefu, lakini godoro moja halihitaji kamati, na mtu anayelala kwenye mkeka kwa sababu ya usalama wa wengine anastahili angalau kujua kwamba wengine wanalikumbuka hilo.

Watumishi nao. Wauguzi waliomhudumia mwenzao mpaka akafariki waliendelea na zamu wiki iliyofuata. Mmoja wao aliniambia kwamba kila akivaa glavu mikono inatetemeka, na kwamba hajamwambia bosi wake kwa kuogopa kuonekana mwoga. Hilo nawaachia ninyi, mna vyama vyao na mna miongozo. Mimi nimelisikia tu kwenye foleni ya mashine ya kukoboa kahawa.

Ma yuko hai. Nikipita huko husimama, na jirani sasa anamtuma mtoto kuomba chumvi. Usingizi haujarudi wote. Akisikia kuna ugonjwa mahali, hata ukiwa Ulaya, analala na nguo za kutokea. Niliposema nataka kuwaandikia aliniuliza kama mtajibu. Nikamwambia viongozi wana kazi nyingi, pengine watakuja wenyewe. Akasema basi mje baada ya saa 4 asubuhi, kabla ya hapo huwa shambani. Kiti kipo, na cha pili ameazima.

Wenu katika kazi,
Mhudumu wa afya ngazi ya jamii,
Bukoba Vijijini, Kagera